Kamani ya santuri imekatika: ninahitaji zana gani?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina santuri ya HMV 102 (gramofoni ya kubebeka, ya kujazwa kwa handeli) aliyoiacha marehemu babu. Nilipokuwa nikiijaza, kamani, yaani springi inayoiendesha, ikapiga mlio mkubwa, na sasa handeli inazunguka bure. Fundi saa wa hapa Tanga yuko tayari kuivuta kamani kwa mkono, ila hana mashine ya kuirudishia. Je, niitafute? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kwa santuri moja, usinunue mashine. Ile ya saa ya mkononi haifai kabisa, maana kamani yako ni utepe wa chuma wenye upana wa sentimita 2.5 hivi na urefu wa mita kadhaa. Pesa hiyo nunulia glovu nene za ngozi, miwani ya kinga inayofunika hadi pembeni, koleo ya mdomo mrefu na venia ya kupimia.

Kwanza achia breki, sinia linalobeba sahani lizunguke mpaka lisimame lenyewe. Kamani iliyokatika bado ina nguvu: mikunjo imebanana ndani ya kopo linaloihifadhi na inatafuta pa kutokea. Ndiyo maana sipendi habari ya kuivuta tu. Ukishatoa kifuniko, piga picha uone imejikunja kuelekea upande gani, kisha geuza shafti kinyume cha kujaza ili ijinasue. Weka kopo ndani ya ndoo yenye gunia, shika mkunjo wa katikati kwa koleo, uinue kidogo huku kiganja cha pili kikizuia iliyobaki. Toa mmoja mmoja. Mwenye haraka hapa huondoka na kidole kilichochanika.

Sasa tazama imekatikia wapi. Ikiwa ni karibu na ncha ya nje, inapona: pasha moto ncha tu hadi iwe nyekundu, sehemu nyingine ukiifunga kitambaa chenye maji, iache ipoe taratibu, toboa tundu jipya kwa keekee na ulainishe kingo kwa tupa. Utapoteza muda kidogo wa kucheza, basi. Ikiwa imekatikia katikati, agiza mpya. Muuzaji mpe upana, unene, urefu, kipenyo cha ndani cha kopo na picha za ncha zote mbili. Nene kupita ya asili si imara zaidi. Hupunguza mizunguko na kuzitesa gia. Gia nazo zikague meno, kwani ule mshtuko huweza kuyavunja.

Kurudisha ni kazi ya dole gumba. Nasa ncha ya nje kwenye riveti, kisha lisha kamani ukutani mwa kopo, ukilizungusha kopo polepole. Usiivute kwenda juu: ikishapinda kama koni itasugua kifuniko daima. Grisi kuukuu iliyoganda ioshe kwa mafuta ya taa kabla. Ndiyo huleta ile mishindo ya "du, du" muziki ukiendelea. Paka grisi nyepesi ya grafaiti.

Kama babu aliacha sahani za Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, zisiwe za majaribio. Tumia sahani isiyo na thamani, bandika kikaratasi ukingoni na uhesabu: iwe mizunguko 78 kwa dakika, hadi mwisho wa upande mmoja. Kasi ikiwa si sawa tangu mwanzo, rekebisha skrubu ya kasi; ikianza vizuri kisha ikalegea kabla ya hapo, ishuku kamani.