Binti wa miaka 9 kuitwa kuigiza filamu: yaliyonikuta na wangu, Mbeya

Mama uliyeuliza kama umruhusu binti yako wa miaka 9 aende Dar kuigiza, naona wengi wamekujibu "mwache ang'ae". Wangu alianza na miaka 8, hapahapa Mbeya. Naomba unisikilize.

Walimwona akighani ngonjera shuleni, wakaja nyumbani kwetu, mtaa wa Soweto, na maneno matamu. Shutingi ikawa Uyole, mwezi wa saba, na baridi ya huko unaijua. Aliigiza yatima anayefukuzwa nyumbani: gauni jepesi, miguu peku. Mara taa, mara jenereta, wakarudia mpaka saa 4 usiku. Mtoto akaanza kulia kilio cha kweli, muongozaji akasema kamera isizimwe. Mimi nimesimama pembeni na sweta lake mkononi, kimya. Linaniuma mpaka leo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Ningeijua siku ile, ningembeba tukaondoka.

Posho nilipewa mimi, nikanunua unga na mkaa. Alipofika darasa la tano akaniuliza, "Mama, hela yangu ya filamu iko wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Usidhani ni umaskini wetu tu. Shirley Temple wa Marekani alianza filamu na miaka 3, mwaka 1932. Kuanzia 1935 hadi 1938 hakuna nyota aliyejaza kumbi za sinema kule kumshinda, na bado ni mtoto! Hata umri walimpunguzia mwaka mzima, azidi kuonekana mdogo. Alipokuja kuwa mtu mzima akauliza hesabu: katika zaidi ya dola milioni 3 alizochuma, zilibaki kama 44,000. Na baba yake, aliyezisimamia hela hizo, alikuwa mtu wa benki. Aliacha filamu mwaka 1950, na baadaye akawa balozi wa Marekani nchini Ghana.

Kwa hiyo mwenzangu, kipaji usikizime, ila fungua akaunti ya mtoto kabla ya safari. Saa za kazi na siku za shule ziandikwe kwenye mkataba. Uende naye mwenyewe, na akisema amechoka, shutingi iishie hapo. Wakikuletea karatasi, funika majina, piga picha uiweke hapa tuisome pamoja kabla hujatia saini.