Unayetaka Kuongoza Wageni Mlimani, Jifunze Ramani

Juzi kijana mmoja wa hapa Moshi anayeanza kazi ya kuongoza watalii kaniandikia: "Kaka, simu yangu ina GPS, ramani ya karatasi ya nini tena?" Nimemjibu kwa kirefu, na nyinyi wengine mnaoitamani kazi hii msome pia.

Mimi nilianza kama mgumu, nabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro. Jioni moja kambini Barranco mgeni mmoja mzee alitandaza ramani ya topografia, ile inayoonyesha miinuko na mabonde, juu ya jiwe, akanionyesha kontua kwa ncha ya kalamu: mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Ikibanana, hapo pana mwinuko mkali. Ikiachana, ni tambarare. Kalamu ikafika mahali mistari ilipogandana ikawa kama doa. Nikainua macho, ukuta wa Barranco huo mbele yetu!

Akasogeza kalamu hadi sehemu iitwayo Karanga. Kontua zikichonga ncha kuelekea juu mlimani, hilo ni bonde. Ncha ikielekea chini, ni mgongo. Kesho yake, mzigo kichwani, bonde la Karanga likatushusha na kutupandisha vilevile ilivyochorwa. Na mto wa bonde lile ndio maji ya mwisho kabla ya kambi ya Barafu.

Bosi wangu wa wakati ule alinicheka mbele ya wenzangu: "Ramani za wazungu hizo, wewe beba." Neno lile linaniuma mpaka leo. Lakini nilijifunza, nikasomea uongozaji, na leo wageni wananiulizia kwa jina.

Vijana, acheni uvivu! Baridi ya juu inaimaliza simu chaji, na ukungu wa uwanda wa Shira haumwonei mtu huruma. Tafuta ramani ya 1:50,000, ambapo sentimita moja ni nusu kilomita. Ilaze, uielekeze kaskazini kwa dira, kisha linganisha na unachokiona. Rudia, rudia tena.

Hesabu kupanda, si umbali tu. Kambi ya Barafu ipo juu kidogo ya mita 4,600, kilele cha Uhuru ni 5,895: unapanda karibu mita 1,200. Kontua zikiachana mita 20 za kimo, hiyo ni mistari kama 60 ya kuvuka usiku. Mwonyeshe mgeni jioni, wakati wa chakula, maana saa sita usiku mkianza kupanda hatakuwa na masikio ya kukusikiliza.