Kwa nini neno hubaki na maana yake hupotea
Umeuliza kwa nini mzee mwenye dimenshia (maradhi ya ubongo yanayodhoofisha akili) hulitamka neno "mkasi" vizuri kabisa, kisha akauliza mkasi ni kitu gani. Maana haikai mahali pamoja: umbo la mkasi, mlio wake na namna vidole vinavyoushika huhifadhiwa katika sehemu mbalimbali za ubongo, na inaaminika kuwa ncha za mbele za maeneo yaliyo kando ya kichwa, usawa wa masikio, ndizo huyaunganisha yote yawe dhana moja. Katika dimenshia ya kisemantiki, yaani aina inayofuta maana za maneno na vitu, ambayo dalili zake mwanasaikolojia Elizabeth Warrington alizieleza mwaka 1975, ncha hizo husinyaa, mara nyingi zaidi ile ya kushoto. Yaliyo mahususi hutangulia kupotea: bata huwa "ndege", baadaye "mnyama", hatimaye "kile kitu"; na mgonjwa akiombwa kumchora bata bila kumtazama, huenda akampa miguu minne. Inasikitisha zaidi kwamba mtu huyo huyo aweza kukumbuka vyema aliyemtembelea jana. Tafadhali usimhimize ajitahidi kukumbuka. Mpe mkononi mkasi wake mwenyewe, kwani kitu alichokizoea mara nyingi huendelea kutambulika hata jina lake likishakosa maana.