Jibu: Ndege wanaruka kabla hujawafikia

Ndugu, umeuliza kwa nini ndege wote wa bwawani wanaruka kabla kayaki yako, ule mtumbwi mwembamba wa plastiki, haijawakaribia, ilhali unakwenda polepole. Kwa maoni yangu tatizo si mwendo, ni mkono. Kasia likipanda juu ya bega, ndege analiona toka mbali likimetameta. Lipige chini chini, karibu na maji, na usiligonge ubavuni mwa kayaki. Plastiki ile inalia kama ngoma.

Bora zaidi, zunguka hadi upepo uwe mgongoni, laza kasia mapajani, uache upepo ukusukume kando ya matete. Usimwendee ndege moja kwa moja, mpite kwa ubavu. Yangeyange, yule ndege mweupe mwenye shingo ndefu, akiendelea kuvizia samaki, hujamsumbua. Akinyoosha shingo wima na kuganda, umesogea mno, rudi nyuma taratibu.

Kobe wa majini wanaoota jua kwenye gogo ndio wagumu: akichupa mmoja, wote wanafuata. Nilishawahi kutulia karibu robo saa ndipo kichwa kimoja kikachomoza, jani dogo limemganda puani.

Alfajiri ndiyo saa yenyewe. Na jaketi la kuokolea usilivue, hata bwawa likionekana la kina kifupi.