Kwa nini ukuta wa mbele wa Al-Aqmar umekaa mshazari?

Ndugu, umeuliza kama mafundi wa Msikiti wa Al-Aqmar, Cairo, walikosea vipimo, maana ukuta wa mbele haulingani na safu za nguzo za ndani. Hawakukosea. Msikiti ulijengwa mwaka 1125, enzi za Wafatimi, ambao ni Mashia wa Kiismaili, chini ya waziri al-Ma'mun al-Bata'ihi. Mtaa ulikuwa na mwelekeo wake, kibla nacho chake. Basi ua na safu zikafuata kibla, ukuta wa nje ukafuata mtaa, na pengo likajazwa kwa unene wa ukuta: mwembamba upande mmoja, mnene mwingine, kama kabari. Ramani ya sakafu inaonyesha hilo wazi kuliko picha yoyote.

Ukifika, simama mbele ya mlango utazame juu. Kuna duara la jiwe lililotobolewa, jina la Muhammad likizunguka na la Ali likiwa katikati, pamoja na aya ya Kurani 33:33 inayotaja Ahlul-Bayt, yaani watu wa nyumba ya Mtume. Itikadi nzima ya Kishia imewekwa hadharani, mtaani!

Angalizo: si kila unachokiona ni cha 1125. Mnara uliongezwa na Wamamluki, watawala wa Misri wa baadaye, mwishoni mwa karne ya 14. Bawa la kulia la ukuta wa mbele lilijengwa upya katika ukarabati wa Mabohora, jamii ya Mashia wa Kiismaili wenye asili ya India, kwa kuiga la kushoto. Kwa hiyo ukitaka kusoma nakshi za asili, anza kushoto.