Mayai laini ya kuvuruga, na dania ya msimu wa mvua

Mayai ya kuvuruga katika nyumba nyingi za Nairobi huishia makavu: chembechembe ngumu, kingo zilizobadilika rangi, na maji ya nyanya yakichuruzika chini ya sahani. Wengi hudhani kinachokosekana ni maziwa. Wanaongeza maziwa, na mayai yanazidi kutoa maji. Ulaini wa mayai hautoki kwenye pakiti ya maziwa. Unatoka kwenye moto mdogo na kwa mpishi anayeepua mapema kuliko moyo unavyomwambia. Ukishajua hilo, kazi inayobaki ni ya majani, na msimu huu wa mvua majani hayana uhaba.

Mapishi ya mayai na majani mabichi Ulaya huhusishwa na majira ya kuchipua, baridi ikiisha na bustani kuamka. Wafaransa huchanganya pasli, taragoni, chavili na chaivu, ule mmea wa jamii ya kitunguu wenye majani membamba kama mrija. Sisi hatuna majira ya kuchipua. Tuna masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Wiki chache baada ya mvua kushika, fungu la dania kwa mama mboga huwa nene na majani yake mapana. Jua likiwa kali, mmea huo huo hukimbilia kutoa maua: majani ya juu yanakuwa membamba kama nyuzi, shina linakomaa, na harufu inageuka. Dania ya namna hiyo iweke kwenye mchuzi unaochemka muda mrefu. Kwa mayai chukua ile laini, yenye majani mapana na vikonyo vinavyokatika kwa kucha bila kuacha nyuzi.

Ukitaka pasli, chaivu au shibiti, soko la City Park pale Parklands ndipo pa kuanzia kuulizia. Lakini dania na vitunguu vya majani vya kibanda cha karibu vinatosha kabisa, na kwa maoni yangu dania hukaa na yai vizuri kuliko pasli, kwa sababu ina ukali mdogo unaokata mafuta ya siagi.

Sasa moto. Ute wa yai huanza kuganda karibu nyuzi 62 za Selsiasi, kiini karibu 65, na kiini hukaza kikifika 70. Ukivichanganya, yai lote linashikamana mnamo nyuzi 73. Likipita hapo, protini zake hujikaza na kukamua maji zilizokuwa zimeyashika, kama mtu anayekamua kitambaa. Yale maji unayoyaona sahanini ni hayo. Kumbuka kikaango chenye mafuta yanayokaribia kutoa moshi kina nyuzi zaidi ya 180. Yai likimwagwa humo linapita hatua zote kwa sekunde chache, na hakuna mkono wenye kasi ya kuliokoa.

Meko ya mtungi mdogo, ile ambayo jiko limekaa juu ya mtungi wenyewe, ina shida yake: hata ukiipunguza mpaka mwisho, mwali bado ni mkali na umekusanyika katikati. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kunyanyua kikaango mara kwa mara: sekunde 20 motoni, sekunde 10 hewani, huku unaendelea kukoroga. Ya pili ni ya uhakika zaidi: sufuria yenye maji kina cha vidole viwili, bakuli la chuma juu yake bila kugusa maji, na mayai yapikwe ndani ya bakuli kwa mvuke. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kwa hiyo maji hapa huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Mvuke huo ni mpole kidogo kuliko wa Mombasa, na kwa kazi hii ni faida. Huchukua dakika 8 hadi 10 badala ya 5, lakini ni vigumu kuyaharibu.

Anayetumia jiko la makaa asubiri makaa yapoe na kuvaa jivu. Makaa mekundu yaliyo wazi ni ya nyama.

Kwa watu wawili chukua mayai 5 ya gredi. Ya kienyeji kwa kawaida ni madogo, kwa hiyo hesabu 6 au 7. Rangi ya kiini hutokana na chakula cha kuku, majani na mahindi ya njano hukifanya kikolee, kwa hiyo kiini cheupe hakimaanishi yai bovu. Pasua kila yai kwenye kikombe peke yake kabla ya kulimwaga bakulini, hasa la kienyeji, kwa kuwa moja lililoharibika huondoka na mengine yote. Ukiwa na shaka kabla ya kupasua, litie kwenye maji: lililo freshi hulala chini, la siku nyingi husimama, linaloelea liache. Linaelea kwa sababu maji ya ndani hupungua kupitia ganda kadiri siku zinavyopita na nafasi ya hewa inazidi kukua.

Tia chumvi mapema, robo tatu ya kijiko cha chai kwa mayai hayo 5 ikiwa siagi yako haina chumvi, nusu kijiko ikiwa inayo. Piga kwa uma mpaka usione uzi wa ute, kisha acha dakika 10 hadi 15. Mchanganyiko utakuwa mwepesi na rangi yake itakolea. Usishtuke. Chumvi inazuia protini zisishikane kwa nguvu zikipata joto, kwa hiyo mayai yaliyotiwa chumvi mapema hubaki mororo, ilhali yaliyotiwa mwishoni hutoa maji haraka zaidi. Usipige mpaka povu lijae, kwani povu hukupa mayai yaliyofura kama keki, na hapa tunataka mayai mazito kama uji wa wimbi ulioiva.

Maziwa si lazima. Ukipenda, tia kijiko kimoja kikubwa cha krimu au malai, basi. Maziwa ya kawaida yakizidi vijiko viwili yanapunguza ladha na kuongeza maji ya kutoka baadaye. Siagi ndiyo yenye kazi: gramu 25, na uigawe. Gramu 15 za kikaangoni, gramu 10 zikatwe vipande vidogo na zibaki kwenye friji mpaka mwisho. Majarini yatapika, ila ladha si ile.

Wakati mayai yanapumzika na chumvi yake, shughulikia majani. Dania ya msimu wa mvua huja na udongo, matone huurusha kutoka chini mpaka kwenye majani. Kuimwagia maji ya mfereji hakutoshi. Jaza beseni, zamisha fungu utakalotumia leo, litikise, kisha linyanyue na uache mchanga chini. Ukimwaga maji pamoja na majani, mchanga unarudi juu yake. Rudia mpaka vidole visihisi chembe kwenye sakafu ya beseni, kwa kawaida mara tatu. Kwa kuwa majani haya yataliwa bila kupikwa, maji ya mwisho yawe yale unayoyaamini kwa kunywa.

Kisha kausha. Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri: dania iliyolowa hubeba kijiko kizima cha maji hadi kwenye mayai yaliyokuwa tayari. Tandaza kitambaa safi, weka majani, kunja, bonyeza kwa kiganja. Kamata jani moja: likigandia kidoleni, bado.

Kata kwa kisu kikali, mara moja, kwa kushuka. Kisu butu kinaponda, na utaliona hilo kwenye ubao: doa la kijani lililolowesha mbao, huku majani yenyewe yamekuwa meusi na teketeke. Harufu uliyoilipia imebaki kwenye mbao. Usitupe vikonyo laini vya dania, vina ladha kuliko majani. Vikate vyembamba sana, kama punje za sukari. Kwa mayai 5 ninapendekeza vijiko vikubwa viwili vya dania iliyokatwa, kijiko kimoja cha sehemu ya kijani ya kitunguu cha majani, na majani manne ya mnanaa, yasizidi. Mnanaa ukizidi, mayai yananuka dawa ya meno. Rehani ichanwe kwa mkono dakika ya mwisho, maana ikikatwa mapema inageuka nyeusi. Rozmari ina jani gumu lenye mafuta makali na haifai kunyunyiziwa juu. Tia kijiti kimoja kwenye siagi inayoyeyuka kwa dakika moja, kitoe, ndipo umimine mayai.

Kikaango kiwe kidogo, sentimita 20 hivi, kisichoshika. Kikiwa kipana, mayai yanatandazwa kama chapati ya maji na kuiva kabla hujayafikia. Mwiko uwe bapa, wa mbao au wa mpira, unaogusa chini yote.

Yeyusha zile gramu 15 za siagi kwa moto mdogo kabisa. Ikitoa sauti ya kukaanga, moto ni mkubwa, epua na usubiri. Sehemu nyeupe ya kitunguu cha majani, ikiwa unaitumia, iingie sasa kwa dakika moja mpaka ilainike. Mimina mayai na uanze kuukokota mwiko polepole chini, pembeni kwanza, kisha katikati, bila kusimama. Kwa dakika moja na nusu au mbili utadhani hakuna kinachotokea. Usiongeze moto. Kosa kubwa zaidi katika mapishi haya hufanyika katika dakika hizo mbili za kukosa subira.

Kisha mwiko unaanza kukutana na kitu kizito chini. Punje ndogo zinatokea, laini kama za mtindi. Sasa kaza mkono, zirudishe ndani ya uji kabla hazijawa mabonge. Pita mwiko katikati ya kikaango: mwanzoni mayai yanafunga njia mara moja. Baada ya muda njia inabaki wazi kwa sekunde moja, unaona chuma, halafu inajifunga taratibu. Hapo epua, hata kama juu bado pana mng'ao wa unyevu na macho yanakwambia hayajaiva. Kikaango kina moto wa kumalizia kazi. Tupa ndani vipande vya siagi baridi, koroga, na joto litashuka papo hapo. Hiyo ndiyo breki. Dania na wenzake waingie sasa, wakorogwe mara tatu, yapakuliwe. Majani yakiingia mapema, harufu ya dania, ambayo ni nyepesi na hupotea kwa moto, itaishia kwenye dari ya jikoni.

Kwa mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mgonjwa, usiishie kwenye mng'ao huo. Yapike mpaka pasiwe na sehemu inayomiminika, nyuzi 71 kwa mwenye kipimajoto, kwa sababu ya bakteria wa salmonela. Kwa moto mdogo bado yatakuwa laini.

Yakishikamana na kikaango, kilikuwa na moto mno, au sehemu yake isiyoshika imekwaruzwa na mwiko wa chuma. Yakigeuka kijani, ni madini ya chuma ya kiini yamekutana na salfa ya ute kwa joto la muda mrefu. Hayana sumu, lakini yamekaa motoni kupita kiasi au yamefunikwa kwenye chombo cha moto. Yakiwa na mabonge makubwa makavu huku katikati ni mbichi, mwiko wako haukufika pembeni.

Nyanya na kitunguu ni suala la kwetu, na sisemi tuachane navyo. Ila nyanya ina maji mengi kwenye mbegu. Toa mbegu, kata ndogo, kaanga peke yake na kitunguu na chumvi mpaka mafuta yajitenge na kikaango kionekane kikavu, kisha weka pembeni ya mayai sahanini. Ukivipika pamoja, mayai yanalazimika kungoja nyanya ikauke, na yanaiva mara mbili.

Sahani iwe ya vuguvugu, kwa sababu mayai haya hupoa haraka, na asubuhi ya Juni au Julai, Nairobi ikiwa na mawingu, sahani ya kabatini huyanyang'anya joto kabla chai haijamiminwa. Mkate uliochomwa au chapati viwe tayari kabla hujamimina mayai kikaangoni. Yakibaki, usijaribu kuyapasha moto yarudi laini, hayarudi. Yaweke kwenye friji upesi, na kesho yake yatie ndani ya chapati moto pamoja na dania mpya. Ile dania iliyobaki isioshwe: simamisha mashina yake kwenye glasi ya maji, ifunike kwa mfuko wa karatasi kwa juu, ubadilishe maji kila siku, na utapata siku nne au tano za kuikata tena.