Mkalimani mpya, chunga neno "kuzaliwa"

Ukianza ukalimani kwa mawakili wa uhamiaji hapa Marekani, neno litakalokuangusha ni dogo tu: kuzaliwa. Mimi liliniangusha wiki ya kwanza. Wakili alimwambia mama mmoja Mkenya, mtoto mgongoni, kwamba mwanawe ni raia wa kuzaliwa. Nikatafsiri hivyo hivyo. Mama akaguna: "Atakuwaje raia, na mimi na babake hatujapata?" Kwa kwao alikuwa sahihi. Katiba ya Kenya ya 2010 humwita raia wa kuzaliwa yule ambaye mama au baba ni raia, hata akizaliwa Dubai. Huku kinachotazamwa ni ardhi. Siku hizi nasema "raia kwa sababu amezaliwa hapa". Ni maneno mengi, lakini mtu anaelewa.

Tajnisi, yaani mgeni kupewa uraia, ni mlango mwingine. Ibara ya 1 ya Katiba ya Marekani imeukabidhi kwa Bunge, ndiyo maana masharti yamekuwa yakihamahama: 1790 ukaazi wa miaka 2, tena kwa Wazungu huru tu, 1798 ikawa 14, 1802 ikashuka hadi 5.

Milango hiyo ilikutana kwenye kesi ya Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina. Isome kabla ya nyingine yoyote. Sheria ya 1882 ilikuwa imewazuia Wachina kupata tajnisi, naye aliporudi kutoka China mwaka 1895 akazuiwa kushuka melini kwa madai kuwa si raia. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ilimpa haki: mamlaka ya tajnisi ni ya kutoa uraia, si ya kuunyang'anya.

Sasa ubishi wote umeng'ang'ania maneno machache ya Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya 1868: aliyezaliwa nchini na aliye "chini ya mamlaka yake". Hapo usithubutu kusema "mwenye utii". Wanaotetea amri ya rais ya Januari 20, 2025, ile ya kuwanyima uraia watoto waliozaliwa hapa kwa wazazi wasio na kibali au wenye kibali cha muda tu, wanadai maana ni utii wa wazazi. Wapinzani wanasema ni kuwa chini ya sheria za nchi, isipokuwa watu kama watoto wa mabalozi. Ukiteleza ulimi, umeshachukua upande.

Na mteja akikwambia Mahakama ya Juu ilimaliza suala hili Juni 2025, mpelekee wakili swali kama lilivyo. Uamuzi ule ulihusu majaji wa chini wanaweza kuzuia amri kwa upana gani. Uraia wenyewe haukuguswa, lakini wa kumwambia hivyo si wewe.